Shamba Ndani ya Mtumbwi

Watu wa Mtwara mjini walikuwa wanatucheka sisi wa bonde la Ruvuma. Mume wangu mwenyewe, mzaliwa wa Mikindani, kuli wa bandarini, akija siku zake za mapumziko juu ya lori lililotoka kushusha korosho, alikuwa anaanza kabla hajafika mlangoni. Kwa ile sauti yao ya kuvuta, kama mtu analamba asali kidoleni: "Aaa, bibieee, matope mpaka magotini! Nimeoa mke mimi au nimeoa kambale?" Namjibu, "Kambale unamla kila ukija, sijasikia ukilalamika." Basi anacheka, anavua viatu, na kufika jioni na yeye ana matope.

Lakini nikwambie, sijaona watu kama watu wa bonde lile. Sasa nakaa Chuno, Mtwara mjini, mchele nanunua dukani kwa kilo, nusu mawe, na kila nikiuchambua nawakumbuka. Mtu wa bondeni alikuwa na nyumba mbili. Moja juu kwenye mchanga, kwenye mihogo na mikorosho, ya kukimbilia maji. Nyingine chini, dungu la miguu minne mirefu katikati ya mpunga, la kufukuzia ndege na kusengenyea majirani. Mto ukijaa tunapanda. Mto ukipungua tunashuka, tunakuta umeshatuletea udongo mpya, mweusi, laini kama ugali wa mtama. Mbolea hatukuijua. Bwana shamba alikuja mara moja kutuuliza tunatumia mbolea gani, bibi mmoja akamwonyesha mto kwa kidole, akaendelea kulima.

Na mpaka? Mpaka tuliusikia kwa makarani. Sisi tulijua huku na ng'ambo, basi. Shangazi yuko ng'ambo, harusi iko ng'ambo, msiba uko huku. Mtu alikuwa anavuka kwenda kuomba chumvi kwa dada yake na anarudi kabla sufuria haijachemka. Hapo nasema uongo kidogo, mto kule karibu na bahari ni mpana, sufuria ingeungua. Lakini walikuwa wanavuka.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa aibu yangu. Mgeni akitoka ng'ambo hatukumuuliza jina. Unamkalisha, unampa maji, halafu mkubwa wa ukoo anauliza, "Kwa mama, wewe ni wa ukoo gani?" Kwa mama, sio kwa baba. Kwetu baba ni mgeni anayependwa. Akishataja ukoo, mambo yote yamejulikana. Huyu ni dada, huyu ni mjomba, huyu ni mtani. Kama ni mama yako, unapiga magoti, unampokea mzigo kwa mikono miwili. Kama ni mtani, ole wake! Mtani unamwambia lolote, unampokonya kitu chake, unakimbia nacho, mpaka akukomboe kwa tumbaku au kwa kuku, na siku yake ikifika na yeye anakufanyia hivyo hivyo. Kwa hiyo swali linatangulia, mdomo unafuata. Mdomo wangu mimi haukuwa na tabia ya kufuata.

Mkubwa wa ukoo wetu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Ujanani alifanya kazi ya reli, ile iliyowekwa kwa ajili ya karanga. Reli ikang'olewa, yeye akabaki na kofia na kikohozi. Hakuweza kusema kabla hajakohoa mara mbili. "Khm. Khm. Sasa. Nataka oda." Hata kama tuko mimi, yeye na kuku. Nilikuwa namwigiza nyuma ya nyumba, kuku mwenyewe anatulia.

Vita ilipoanza ng'ambo, uhuru wetu sisi ulikuwa bado mchanga, wa miaka michache. Tukaanza kusikia milio, tukadhani ni radi ya mbali. Halafu watu wakaanza kuvuka, na safari hii hawakuja kwa harusi.

Siku hiyo mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanguka mara mbili tatu. Sisi wanawake tuko bondeni na majembe, mimi, mama yangu na wengine, tunamalizia kupanda. Ukaja mtumbwi na wanawake watano. Wanne nawajua, wa ukoo wa watani wetu, kila mwaka tunapokonyana nao vyombo misibani. Wa tano nyuma simjui. Mtu mzima, mwembamba, ana kipini cha ndonya kwenye mdomo wa juu, na chini ya kaniki tumbo limetuna kama mimba ya miezi saba. Kashuka nao, kashikana nao mikono. Nikasema moyoni, ahaa, mtani huyu, tena mpya.

Nikatupa jembe, nikaingia majini kumpokea. "Ehee! Mnatukimbilia na mimba zenu uzeeni? Nani kakupa hiyo, kiboko?"

Wenzangu bondeni wakaanza kucheka. Yule mama akanitazama, amechoka, macho mekundu. "Niache nipite, mwanangu."

Mimi nishaona fundo. Haikuwa mimba, alikuwa amejifunga furushi tumboni. Nikalifungua, nikalivuta, nikakimbia nalo matopeni.

"Ludisa, mwanangu! Ludisa!"

Ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, na maneno yanagonga ile ndonya yanatoka na upepo. Na mimi huko mbele nimevuta midomo kama bata, nakimbia nasema vile vile, kwa sauti yake yeye hasa, na ule upepo wake: "Ludisa, mwanangu, ludisa!" Wanawake wameshika mbavu. Watani wetu wanne peke yao hawakucheka, na mtani asipocheka mwenye akili angejiuliza. Mimi sikujiuliza. Nikateleza kwenye mfereji, furushi likafunguka, na vilivyokuwemo vikamwagika majini.

Mpunga. Mpunga wa mbegu, mwekundu, na maganda yake. Pishi tatu hivi. Katika nyumba nzima mwanamke yule alichukua kitu hicho kimoja tu, akakifunga tumboni mahali mtu anapobeba mtoto, akavuka nacho.

Mimi ningelia. Ningepiga mtu. Yeye alivua kaniki ya juu, akaingia kwenye mfereji chini yangu maji yanapoelekea, akaitandaza kama anatega dagaa. Mimi naanza kukimbiza punje zinazoelea. Akaniambia, taratibu kabisa, "Hizo ziache ziende. Pepe hizo. Nzuli ziko chini." Tukainama wote wawili tunapapasa matope.

Tukiwa pale, nikasikia nyuma yangu: "Khm. Khm."

Mjomba alikuwa amesimama ukingoni na kofia yake. Akamwomba mgeni apande, akamkalisha juu ya gogo, akampa maji. Halafu akauliza swali lile, ambalo lilitakiwa liulizwe kabla ya yote. Yule mama akafuta mdomo, akataja ukoo wa mama yake.

Ulikuwa wetu.

Mama yangu alishusha jembe chini polepole kama linaweza kuvunjika. Wakaulizana bibi zao, wakakutana kwenye bibi wa tatu. Ndugu kabisa. Kwangu mimi alikuwa mama mdogo. Nimemwambia mama yangu mdogo kwamba kiboko kampa mimba, nimemvua nguo, nimemmwagia mbegu.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinitazama, akasema kwa ile sauti yake ya chini kama maji ya mtungini, "Haya, endelea. Mwigize tena, tusikie."

Nikatamani mto unichukue. Aliyenisaidia ni mwenyewe. "Mwache, dada," akasema. "Anaokota vizuli."

Usidhani mambo yaliishia hapo. Kesho yake likaja lori na karani wa kuandikisha wakimbizi. Kijana, kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, daftari kwapani. Alikuwa anasemea puani na anakata maneno vipande kama mtu anakata muwa. "Wa-ki-mbizi wote wa-ji-andikishe." Sheria yake ilikuwa fupi. Mwenye ndugu na shamba atabaki. Asiye na shamba atapanda lori, apelekwe kambini, mbali, ndani huko ambako hakuna mto. "Ndugu tu ha-i-toshi. Ndugu haliwi. Nitarudi mwezi ukiandama, na nitataka kuona shamba kwa ma-cho. Sio maneno. Sha-mba."

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatuuliza sisi, sio yeye, "Nikipanda lile loli, kwetu nitakuonea wapi?" Maana kutoka kwenye ukingo wetu, siku isiyo na ukungu, ulikuwa unaona vichwa vya minazi yake.

Sasa shamba liko wapi? Ardhi yote ya ukoo ilishagawanywa tangu kiangazi, imelimwa, imepandwa. Mjomba akakohoa siku ile mpaka nikamwonea huruma. "Khm. Khm. Oda. Ardhi nzuri imekwisha. Imebaki ile ya chini." Ya chini ilikuwa kwenye mikoko, mahali maji ya bahari yanapopandia wakati wa bamvua. Hakuna aliyepalima. Nyasi zenyewe zilipakataa. Wenyeji wa pale walikuwa kaa. Mjomba hakuwa na ubaya, hakuwa na kingine cha kutoa.

Nikasema nitamkatia langu nusu. Nilisema kwa sauti yangu mwenyewe, nadhani ndiyo maana waligeuka kunitazama. Mama mdogo akakataa. "Na watoto wako watakula nini? Maneno yako?"

Tukateremka naye chini, yeye, mama, mjomba na mimi. Akapiga magoti, akachota udongo kidogo, akautia mdomoni. Akautafuna kama mtu anaonja mchuzi wa mkwewe, anatafuta kosa. Akatema.

"Bado," akasema.

Tulitegemea aseme hapafai. Yeye alisema bado. Akatueleza kwamba kwao, upande ule wa mdomo wa mto, kina mama wote wanalima kwenye chumvi. Unangoja mto ushuke na maji matamu, uoshe chumvi, ndipo unapanda. Na hupandi mbegu, kaa watakata kila kinachochipua. Unapanda miche mirefu, migumu, kaa akiikata inamshinda. "Nyie hamjui hivyo?" Mjomba akakohoa mara tatu. Miaka yote hiyo tuliwaachia kaa lile shamba.

Lakini mto ungejaa baada ya mwezi na zaidi, na mbegu zimeshalowa tangu jana, kwa mkono wangu. Mbegu ikilowa hairudi nyuma. Itaota au itaoza. Wapi pa kuiotesha? Juu kwenye mchanga hakuna maji. Bondeni hakuna nafasi hata ya kuweka kigoda. Na karani anakuja mwezi ukiandama.

Mama mdogo akawa anazungukazunguka pale kwenye kituo cha mitumbwi. Akasimama kwenye mtumbwi wa mjomba, wa zamani, umepasuka kuanzia katikati mpaka nyuma, umefunikwa chini juu, kuku wanatagia ndani. Akaupigapiga kwa kiganja.

"Kaka, nipe hiki."

"Khm. Huo? Huo ni mtumbwi wangu wa kuvulia."

Mama yangu akamwambia, "Kaka, tangu umeupasua wewe mwenyewe kwenye kisiki, umevua nini? Mayai?"

Tukaugeuza. Tukauburuta mpaka chini ya dungu letu, tukaujaza matope ya mto, ndoo kwa ndoo, mimi nabeba na simwambii mtu neno. Nilikaa siku nne bila kuigiza mtu. Watoto wangu walikwenda kumuuliza bibi yao kama naumwa. Na ule ufa ambao ulikuwa umeumaliza mtumbwi ndio ulifanya kazi, maji ya mvua yakizidi yanachuruzika taratibu, matope yanabaki.

Mbegu alizifunga kwenye majani ya mgomba, akaziweka karibu na mafiga, sio karibu sana, anaweka kiganja kujua joto kama mtu anavyopima mtoto mwenye homa. Siku ya tatu akanifungulia nione. Kila punje imetoa pua nyeupe. Akazimwaga juu ya matope mtumbwini, kwa ncha za vidole, nyepesi, na hakuna punje iliyomlalia mwenzake. Nimeona mafundi wa kufuma mikeka na nimeona mafundi seremala. Sijaona mkono kama ule.

Kazi ya kufukuza kuku na ndege nikapewa mimi, maana nina sauti. Nilikaa kwenye mtumbwi ule kama nahodha.

Mume wangu akaja siku hizo. Kaona matope ndani ya mtumbwi, kaona mimi na fimbo, kaona mwanamke asiyemjua ameinama pembeni. Akaweka mikono kiunoni. "Aaa, bibieee! Sisi bandarini tunapakia meli korosho, nyie huku mnapakia udongo? Na hii inakwenda bandari gani? Na huyu bibi ndiye sarangi?"

Mama mdogo hata hakunyanyuka. "Inakwenda tumboni mwako, mkwe. Chukua ndoo, lete maji."

Kusikia mkwe, yule mwanamume alikauka. Mkwe ni mtu wa kuinamia macho, hata kikombe hupokei mbele yake bila adabu, na yeye kamwita sarangi, mnyapara wa mabaharia. Alizunguka nyuma ya dungu, akatoa kichwa kidogo pembeni ya nguzo, ananiita kwa kunong'ona, "Mbona hukuniambia?" Nikamwambia, "Karibu. Tuko wawili sasa." Alichota maji siku mbili mfululizo, na alipoondoka alimwachia kanga mpya, akaipitisha kwangu kwa sababu macho yake hayakuweza kufika kwa mkwe.

Miche ikaota. Ikawa kijani inayoumiza macho, imejaa mtumbwi mzima kuanzia mbele mpaka nyuma, upepo ukipita inalala na kuamka pamoja. Watu walitoka vijiji vya juu kuja kuangalia.

Mwezi ukaandama. Lori likaja, likasimama bila kuzima injini. Nyuma kulikuwa na watu wameshapakiwa, na vyungu vyao. Karani akashuka. "Sha-mba liko wapi?"

Mjomba akampeleka chini kwenye mikoko. Patupu. Kaa wamesimama kwenye milango ya mashimo yao wanamtazama. "Hapa? Hapa ha-pana kitu." Akafungua kalamu. Naujua mdomo wa mtu akitaka kusema hapana, huwa unajibana hivi pembeni kabla.

Mama mdogo akamvuta kwa mkono mpaka kwenye dungu. "Samba langu hili hapa."

"Huu ni mtumbwi."

"Ndiyo."

"Una ma-jani ndani."

"Ndiyo, baba."

"Mama, mtumbwi ni chombo. Shamba ni ardhi. Mimi naandika ardhi." Akapiga hatua kuelekea kwenye lori. Wanawake wote wa bonde wameacha majembe, wamekuja, wamesimama. Mjomba anakohoa, na maneno hayafuati.

Mama mdogo akanigeukia. "Mwanangu, mweleze. Huyu hasikii sauti yangu. Mweleze kwa sauti yake."

Nilimtazama mama yangu. Mama alitazama chini kwenye vidole vyake vya miguu, na hakukataza. Basi nikavuta tumbo ndani, nikaweka kigae cha chungu kwapani kama daftari, nikasema puani.

"Ndu-gu karani. Shamba hili li-na-subiri maji. Ardhi yake ni ile uliyoiona. Kwa sasa i-na chumvi, kwa hiyo shamba li-me-panda chombo. Mto u-ki-shuka, shamba li-ta-shuka. Mwenye shamba ni huyu. Ndugu zake ni sisi wote hawa, na ndugu ha-li-wi, lakini mpunga u-na-liwa."

Dereva wa lori ndiye aliyeanza. Alilala juu ya usukani, honi ikalia. Watu waliopakiwa nyuma wakacheka, na jinsi walivyokuwa wamekaa siku hiyo sikudhani watacheka. Karani akalibana daftari kwapani kwa nguvu. Nikajua nimeharibu mara ya pili.

Lakini mama mdogo hakucheka. Aling'oa mche mmoja, akausuuza mizizi majini, akamwekea karani kiganjani. Mizizi mirefu, myeupe, minene kama ndevu za mzee. Yule kijana aliutazama. Akaugeuza. Akaubinya shina kwa kucha, na hapo nikajua, karani hafundishwi darasani kubinya mche pale. Akasema, na puani palikuwa pamefunguka, sauti ya kawaida ya mtoto wa mtu, "Bibi yangu anapanda mpunga. Huu mche mzuri sana, mama."

"Ungoje maji," mama mdogo akamwambia.

Akaandika. Mimi sijui kusoma, sijui kaandika ardhi au kaandika mtumbwi. Alifunga daftari, akasema, "Nimeandika lipo. Sasa li-we-po." Akapanda lori, na lori likaondoka bila mama mdogo.

Ukabaki mto. Ulijaa mwezi uliofuata, maji mekundu, yanashuka na magogo na visiwa vizima vya matete. Kila asubuhi mama mdogo alishuka mpaka mikokoni, akachota kwa kiganja, akaonja. "Bado." Kesho, "Bado." Miche imeshapita magoti, mingine imeanza kulala, na mimi natembea nyuma yake kama mkia, na mimi naonja, chumvi, chumvi. Mpaka siku moja akaonja, akaonja tena, akanigeukia, akaniwekea mimi kiganja chake mdomoni. Yalikuwa maji ya mtungini.

Hapo ndipo ungewaona watu wa bonde lile. Hakuna aliyeitwa. Waliacha mashamba yao wakaja, tulikuwa wanawake zaidi ya kumi na mjomba na kofia yake. Kung'oa miche yote na kuibeba ingenyauka kwa jua, kwa hiyo mama mdogo akasema tuubebe mtumbwi. Matope na yote. Maji yalikuwa yamefika chini ya dungu, tukausukuma ndani, na kwa ule ufa wake ukaanza kuzama. Tukaushika huku na huku, mabegani, vifuani, maji kiunoni, tunauinua wenyewe kama tunabeba mgonjwa. Mjomba mbele anatoa oda. "Khm! Kulia! Kushoto! Khm!" Hakuna aliyemsikiliza. Na mpunga juu yetu unatembea mtoni, kijani, umenyooka. Watu wa mtumbwi mmoja uliokuwa unapita waliacha kupiga kasia, wakabaki wanachukuliwa na maji, wametukodolea.

Tulipanda siku mbili. Kaa walitubana vidole, tukapiga kelele, tukapanda. Walikuja kukata miche pia, tukawaona wanajaribu, wanaiacha. Ilikuwa imekomaa mno kwao.

Mavuno sikudanganyi, hayakujaza ghala. Upande wa bahari chumvi ilirudi mapema ikaunguza mistari kadhaa. Lakini uliobaki ulisimama mrefu kunipita, mashuke yameinama, mwekundu, na ukiupika jirani anajua. Mama mdogo alipika chungu cha kwanza mwenyewe, akatuita wote. Mjomba alipewa kwanza, kama inavyotakiwa. Alikula, akasafisha sahani kwa kidole.

"Khm. Khm. Dada. Ardhi ile ya chini sasa ni yako. Mwakani tutakutafutia mtumbwi mkubwa zaidi."

"Ahsante, kaka," akasema. "Lakini mwakani nitakuwa kwetu."

Akaniongezea wali kwenye sahani yangu bila mimi kuomba, akajifuta mikono, akaenda kutenga mbegu. Alisema hivyo kila mavuno, misimu kama kumi, mwakani nitakuwa kwetu. Hata serikali ilipotuhamishia kijijini juu, akawa anateremka kwa miguu alfajiri na kupanda jioni, mpaka ng'ambo nao wakapata uhuru wao, akavuka. Na kila mwaka aliokaa kwetu, mvua za kwanza zikianguka, ukiteremka kwenye kituo cha mitumbwi ulikuwa unamkuta ameshajaza mtumbwi matope, na wanawake wa bonde zima wamejipanga nyuma yake, kila mmoja na mtumbwi wake mbovu.